Anatumika Sana

Jumatatu, 6 Januari

Kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee, kuna sheria ambayo wauguzi tunaijua kuliko Baba Yetu: kisichoandikwa hakikufanyika. Ukimgeuza mzee kitandani usiandike, hukumgeuza. Basi nimeamua kuandika, ili kesho na keshokutwa mtu asiniambie niliota.

Juzi Jumamosi Wanjohi alirudi kutoka zamu ya ziada kule ghalani Savage akinuka samaki.

Asiyetujua hataona ajabu. Lakini mimi na mume wangu ni Wakikuyu wa Nyeri, watu wa mlimani. Wazee wetu waliwaweka samaki kundi moja na nyoka, na sisi hatukuona haja ya kuwakosoa. Tangu tuoane, samaki pekee aliyeingia nyumba hii ni wa kopo, naye binti yetu Fiona alimnunua kwa ajili ya paka wa jirani.

"Hiyo harufu ni ya nini?" nilimuuliza.

"Watu wa job. Mtu ame-microwave samaki kwa lunch room, ikashika nguo."

Akaenda kuoga akipiga mluzi. Mtu aliyebeba maboksi kutwa nzima, anapiga mluzi.

Jumanne, 7 Januari

Baridi leo inauma hadi meno. Wanjohi ameondoka kwenda Savage amevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, na chupa kubwa ya chai mkononi. Ghala gani hilo lisilo na hita?

Jumamosi, 11 Januari

Samaki tena. Na mluzi.

Jumatatu, 13 Januari

Nieleze jinsi tunavyoishi, ili nikija kusoma haya nikiwa nimepoa nikumbuke kwamba sikuwa mwendawazimu. Tunakaa Richfield, huku ughaibuni, ndege zinapita juu ya paa mpaka tumeacha kuzisikia. Mimi niko kwenye nyumba ya wazee siku tano, na Jumapili moja moja. Wanjohi anahudumia watu wenye ulemavu kwenye nyumba moja hapa karibu, siku nne kwa wiki. Jumanne na Jumamosi, tangu Novemba, anaenda ghalani Savage. Malipo ya huko yanaenda moja kwa moja kwa ndugu yake anayetujengea Nyeri, kwa hiyo mimi siyaoni. Zamu zetu zote ziko kwenye kalenda ya friji, za kwangu kwa kalamu nyekundu, za kwake kwa bluu. Fiona ana miaka kumi na minne, naye ana za kwake: vyombo, piano, hesabu. Katika nyumba hii hakuna anayekaa. Mama yangu alikuwa akisema kazi mbaya si mchezo mwema, na alitusomesha sisi wote kwa kazi mbaya.

Sasa la leo. Nilivaa koti la Wanjohi kwenda kazini, nikasema langu lina zipu mbovu. Wakati wa chai nikampelekea Lynette. Lynette, muuguzi mwenzangu, ni wa Kisumu, kwa mambo ya samaki simbishii. Alilinusa bega, akanusa mkono, akafungua mfuko akanusa ndani, hana haraka.

"Hii si ngege," akasema, akianza na samaki wa ziwa lao. "Si mbuta pia. Na haijapikwa, my dear. Hii ni fresh."

"Maana yake nini?"

"Maana yake kuna mahali bwanako anaparua samaki. Na mwanaume haparui samaki kwa nyumba ya mtu hampendi."

Nilirudi wodini nikampa mzee dawa za saa sita saa saba kasoro. Sijawahi.

Jumapili, 19 Januari

Leo nimejua nyumba yenyewe, au nadhani nimeijua.

Ibada yetu ya Kiswahili ni ya mchana, Wazungu wakishatoka. Tumo Wakenya, na familia za Wakongo waliotoka Kivu. Baada ya ibada tulikula pamoja, na mwanamke mmoja aitwaye Générose alikuwa amekaanga samaki, sinia zima, wadogo wenye milia. Namjua kwa mbali. Ni mjane, anaishi Anoka kwa kaka yake Janvier, anafanya usafi kiwanja cha ndege. Ni mzuri, na hajisumbui kuwa mzuri, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nilisimama karibu na sinia nikavuta pumzi. Ilikuwa ni ile ile.

Naye akaniona, akaja moja kwa moja akanishika mikono miwili.

"Mama Fiona! Bwana yako iko anatumika sana. Anatumika, anatumika, hata na baridi hii. Anachoka. Umuache apumzike kidogo."

Nimeandika kama alivyosema. Anatumika. Yaani mume wangu ni kijiko? Anatumika na nani, kama si mimi? Mwanamke ambaye sijawahi kumpikia hata chai ananiambia, mbele ya waumini na sinia la samaki, kwamba namtumia mume wangu kupita kiasi. Na kuchoka kwake amekujuaje? Mimi ninayelala naye sijamwona amechoka tangu Krismasi.

Nikamjibu, "Asante, dada. Tutaangalia." Kicheko nilichocheka hakikuwa changu.

Jumanne, 21 Januari

Savage. Suruali mbili. Chai.

Jumamosi, 25 Januari

Aliporudi, mashavu yalikuwa yamebabuka kwa upepo. Ghalani hakuna upepo. Nilimpaka mafuta mwenyewe, polepole, nikimwangalia machoni. Akasema, "Aki asante, mum," akasinzia kwa raha kama mtoto aliyeshiba.

Jumatano, 5 Februari

Theluji. Nimefanya zamu mbili mfululizo kwa sababu watu wa jioni walikwama. Mgongo.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani Wanjohi na Janvier walisimama nje kwenye baridi wakiongea. Janvier ni mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, alizaliwa ukingoni mwa Ziwa Kivu, na wanafahamiana kutoka ghalani. Nilipotokea mlangoni wakanyamaza wote wawili. Janvier akasema, "Maman, bonjour," akaangalia viatu vyake.

Kwa hiyo kaka mtu anajua. Anamsitiri dada yake na mume wangu, halafu anaimba besi kwenye kwaya.

Nilimuuliza Wanjohi ndani ya gari walikuwa wanazungumza nini. "Weather," akasema.

Jumanne, 18 Februari

Nimefanya kitu ambacho sikukiweka kwenye kalenda. Nilibadilishana zamu na Lynette, nikamwacha Wanjohi aondoke, nikahesabu muda wa kutosha, nikaelekea Savage nyuma yake.

Nimeliona ghala. Nimeuona mto nyuma yake umeganda, na milima ya chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, na malori. Niliuzunguka uwanja wa magari mpaka mlinzi akaja dirishani kuniuliza kama nimepotea. Gari la Wanjohi halikuwepo. Nikamwambia mlinzi ndiyo, nimepotea.

Nilipofika nyumbani nilifua mapazia yote. Sikulia. Mtu akilia ni lazima akae.

Jumamosi, 22 Februari

"Savage ilikuwaje?" nilimuuliza mezani.

"Kazi mingi. Leo tumetoa jasho."

Hakupepesa jicho. Nilimwekea ugali na sukuma na nyama, akala kama mtu aliyetoa jasho kweli, akaomba nyongeza. Nikampa. Nimejiambia nitangoja hadi nimkamate pale pale, maana Wanjohi ukimkamata nusu anatorokea ile nusu nyingine. Maneno nimeshayapanga. Hata nguo ya kuvaa siku hiyo nimeichagua, ile ya kijani, ili huyo mjane aone alichokuwa anashindana nacho.

Jumatano, 26 Februari

Joto limekuja ghafla. Mvua badala ya theluji. Barabara zote ni maji.

Jumamosi, 1 Machi

Ni jioni. Naandika yote.

Asubuhi Wanjohi aliondoka kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatano na redio jikoni ilikuwa ikiwaonya watu wasipeleke magari kwenye maziwa, barafu inalainika. Sikuisikiliza. Maziwa yananihusu nini mimi? Nilivaa ile nguo ya kijani. Kisha nikamwita Fiona.

"Simu ya baba yako unaweza kuona iko wapi?"

"Why?"

"Nimekuuliza swali, usiniulize swali."

Akatoa simu yake, akatelezesha kidole. "He's not in Savage, Mom. He's up by Anoka."

Nikasema moyoni, haya, Lois, ndiyo hiyo. Anoka. Nikachukua funguo. Niliwahi kufika mlangoni kabla Fiona hajaniita kwa sauti nyingine.

"Mom? He's in a lake."

"Kando ya ziwa?"

"No. Like, *in* it. Look."

Nikaangalia. Ramani ilikuwa na rangi ya bluu, bluu tupu, na katikati ya hiyo bluu, mbali na ukingo wowote, kulikuwa na picha ndogo ya mume wangu anayetabasamu kwenye graduation ya Fiona ya kindergarten. Haikusogea. Nikampigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia tena. Fiona alikuwa ameanza kulia, na mimi nikashangaa mwanamke yule wa nguo ya kijani, yaani mimi, alikuwa na hasira ya nini, dakika moja tu iliyopita.

Nikampigia Générose. Namba yake ilikuwa kwenye orodha ya kanisa. Alishika mara moja, nikasikia televisheni na watoto nyuma yake. Kwa hiyo yuko nyumbani kwake na Wanjohi hayuko kwake.

"Wanjohi yuko wapi?" nilimpigia kelele.

"Si anatumika? Anatumika na Janvier."

"Anatumika na nani? Anatumiwa kufanya nini?"

"Apana, Mama Fiona! Anatumika! Iko ku kazi! Travail! Kule Savage, bote bawili, mardi na samedi, Jumanne na Jumamosi. Siku ile nilikuambia, bwana yako anatumika sana."

Nikakaa kwenye ngazi. Kwao kutumika ni kufanya kazi. Alikuwa amenisifia mume wangu kwa bidii yake. Wiki sita nimembeba mwanamke huyu moyoni kwa neno ambalo hakulisema.

"Générose," nikamwambia, "hawako Savage. Simu ya Wanjohi iko ndani ya ziwa."

Televisheni ikaendelea kuongea. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Ziwa gani? Janvier aliniapia."

Tulimpitia nyumbani kwake, na kwa kuwa ziwa haliko mbali na Anoka hakukuwa na muda wa kuongea mengi, lakini aliniambia la kutosha. Mume wake alizama Ziwa Kivu pamoja na mashua na watu wake. Tangu hapo amemkataza Janvier asikaribie maji, na Janvier, aliyezaliwa mvuvi, akakubali. Samaki anaowaleta nyumbani alimwambia anapewa na patron, yaani bosi wake, Mzungu mmoja mwenye huruma. "Na mimi namuombea ule muzungu kila siku," akasema. Fiona alikuwa nyuma akitazama simu. "It still hasn't moved," aliendelea kusema, mpaka nikamwambia anyamaze.

Ziwa lilikuwa la kijivu, maji yamesimama juu ya barafu, huwezi kujua ni kipi kitakubeba na kipi kitakumeza. Malori ya wavuvi, ambayo baridi nzima huegeshwa juu ya barafu, yalikuwa yameondoka. Katikati kabisa kilibaki kibanda kimoja chekundu cha turubai. Générose aliishia kwenye magugu ya ukingoni. "Sikanyage pale," akasema. "Mungu wangu, mimi sikanyage." Akaanza kuita jina la kaka yake, akaliita kwa namna ambayo sitaki kuisikia tena.

Mimi nilienda. Sijawahi kukanyaga ziwa. Maji yaliingia kwenye viatu hatua ya kwanza, na chini ya maji kulikuwa na kitu kigumu, na chini ya hicho kigumu kulikuwa na sauti, kama mtu anaburuta kabati nyumba ya chini. Niliomba kwa Kikuyu. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sasa sivikumbuki. Nikafika, nikashika zipu ya turubai, nikaifungua kwa nguvu zote.

Wanaume wawili walikuwa wamekaa.

Hilo tu. Kila mmoja kwenye kiti cha kukunja, katikati yao tundu la maji meusi na nyuzi mbili zimening'inia. Hakukuwa na redio. Hakukuwa na pombe, niliangalia. Chupa ya chai ilikuwa chini. Viatu vya Wanjohi viko kando ya hita ndogo ya gesi na miguu yake iko kwenye soksi, vidole vinacheza. Simu yake ilikuwa ndani ya kiatu.

"Karibu, Mama Fiona," akasema Janvier, kwa woga. "Funga mulango kidogo. Samaki wanaona mwangaza."

Nilikuwa nimejitayarishia mwanamke. Nilikuwa nimejitayarishia maiti pia, kutoka kwa gari hadi pale. Kwa mwanamume aliyekaa sikuwa na neno hata moja.

"Unafanya nini?" ndilo lililotoka.

Wanjohi aliangalia tundu, akaangalia soksi zake. "Nothing," akasema. "Hakuna kitu nafanya, Lois."

"Samaki huli!"

"Sili. Janvier ndiye anabeba. Mimi nangoja tu."

Basi ikatoka yote. Ghala liliwaachisha watu wa ziada wote kabla ya Krismasi. Jumanne ya kwanza hakuniambia, akaendesha hadi Savage kama kawaida akakaa ndani ya gari uwanjani, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kukaa. Janvier alimkuta hapo, akagonga dirisha, akamwambia, twende nikuonyeshe kitu.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ningekuambia aje? Ati naenda kukaa? Kwetu mtu akikaa unamuuliza kama ni mgonjwa. Hapa hakuna mtu ananiuliza kama nimemaliza."

Tuliwatoa. Générose alimpiga Janvier kofi ukingoni, halafu akamkumbatia, halafu akampiga tena. Fiona hakumkumbatia baba yake. Alimwambia, "You could've just texted," akaingia kwenye gari.

Jumapili, 2 Machi

Hatujaenda kanisani. Nimemwambia Wanjohi kwamba mwanamke ningemsamehe upesi zaidi. Mwanamke ni kitu kinachoeleweka. Lakini mtu mzima, mwenye mikono miwili, anamdanganya mke wake majira mazima ili akaangalie tundu, hiyo ni dharau. Mimi nilikuwa nikigeuza wazee wakati huo. Kila saa aliyokaa yeye, kuna mtu alikuwa amesimama, na mtu huyo ni mimi.

Akasema, "Ni kweli." Sikupenda alivyokubali haraka.

Jumatatu, 3 Machi

Wanjohi anasema leo ndiyo mwisho kisheria, vibanda vyote vitoke ziwani. Alikuwa ananipa habari tu, akasema. Nilimwangalia.

Jumamosi, 8 Machi

Mimi si mtu mbaya. Nimefikiria wiki nzima nikaona kama mtu anahitaji kupumzika, apumzike, lakini kwa uwazi. Nimenunua kalamu ya kijani. Kwenye kalenda nimeandika, kila Jumamosi: *Baba Fiona, kupumzika, saa nne hadi saa nane.*

"You scheduled him chilling?" Fiona akasema.

Saa nne Wanjohi alikaa kwenye kochi. Mgongo wima, mikono magotini, kama anangoja kung'olewa jino. Nilipita na kikapu cha nguo, akainua miguu nipite. Nilipita na ufagio, akainua tena. Saa nane kamili alisimama akaja jikoni.

"Nimemaliza?" akaniuliza.

Sikujua kama ni dhihaka. Uso haukuwa na dhihaka.

Jumamosi, 15 Machi

Kochi. Saa nne hadi saa nane. Nilimkuta ameweka alamu.

Alhamisi, 20 Machi

Amepata zamu za Jumamosi kwenye ghala jingine, Burnsville. La kweli hili, nimepiga simu. Amefuta kijani mwenyewe akaandika bluu.

Jumamosi, 29 Machi

Amerudi ananuka katoni. Hakupiga mluzi. Amekula, hakuomba nyongeza, amelala na viatu.

Nilitaka hivi na nimepata. Lakini mkono wangu una tabia mbaya. Kila Jumamosi jioni unalichukua koti lake unalileta puani wenyewe, na sasa hakuna kitu hapo, na mimi nasimama kwenye korido na koti la mtu.

Jumapili, 30 Machi

Générose alinifuata kuosha masinia. Nikaona bora nimwambie yote, nikamweleza neno lake lilivyonifikia siku ile. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa kwenu kutumika ni nini?"

"Ni kama kitu. Kama ufagio. Mtu anakutumia mpaka unaisha."

"Na wewe ulisikia nasema unamutumia bwana yako?"

"Ndiyo."

Nilingoja aseme hapana, si hivyo, dada. Alikuwa ameacha kucheka. Alichukua sinia akalikausha vizuri pande zote mbili.

"Janvier hasemi tena mu nyumba," akasema baadaye. "Nilimukataza mayi, akatii. Anatii tu. Mama Fiona, mimi niliogopa ziwa. Wewe uliogopa nini?"

Nikamwambia naogopa zamu ya kesho, tukacheka tena, lakini kidogo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwambia Wanjohi, kama anataka, aende na Janvier siku moja. Barafu imeshayeyuka, wanaweza kukaa ukingoni, Générose amekubali ukingo.

"Siku gani?" akauliza, akielekea friji.

"Siku yoyote."

Akasimama na kalamu mkononi. "Niandike wapi?"

Jumamosi, 12 Aprili

Zamu ya kawaida. Hakuna cha kuandika.

Jumapili, 13 Aprili

Jana niliandika uongo humu, wa kwanza.

Kazini wazee wamepungua na sisi tulikuwa tumezidi. Mchana Lynette, ambaye ndiye anayepanga zamu siku hizi, akaniambia, "Enda nyumbani, Lois. Leo hatuna kazi yako." Nikaingia kwenye gari. Wanjohi alikuwa Burnsville, au ndivyo kalenda ilivyosema. Na ndipo nikawaza: na kama haiko hivyo? Na kama Burnsville nayo ni Savage nyingine, na wale wawili wameketi tena kwenye maji wakinicheka? Kushuku ni kama kikohozi, ugonjwa umeisha lakini chenyewe kinabaki. Sikumuuliza Fiona aangalie simu. Nilitaka kumkamata mwenyewe. Nikaelekea kaskazini, kwenye lile ziwa la Anoka.

Gari lake halikuwepo. La Janvier halikuwepo. Nililizunguka ziwa mara mbili. Alikuwa kazini, kama alivyosema, maskini.

Nilipaswa kugeuza gari. Nilishuka tu niangalie mahali ambapo kibanda kilikuwa, ni maji sasa, hayaonyeshi kama yaliwahi kubeba mtu. Nikakaa kwenye gogo. Ndege mmoja mweusi alizama mbele yangu, nikasema nitaondoka akiibuka. Akaibukia mbali kabisa, upande ambao sikuwa nikiutazama, akazama tena. Nikasema, basi, mara moja zaidi. Hakuna aliyekuwa akinihitaji. Niliisubiri ile hofu inayonijia nikiwa sifanyi kitu, nikaisubiri sana, na nilipokuja kuangalia, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa miti, na viatu vyangu vyeupe vya kazi vilikuwa vimezama kwenye matope na sikuwa nimeviona vikizama.

Niliporudi, Wanjohi alikuwa mlangoni, bado amevaa sare ya ghala.

"Umechelewa leo."

"Overtime," nikasema.

Lilitoka lenyewe, laini, hata jicho sikupepesa. Ningeweza kumwambia ukweli. Yeye kuliko watu wote angeuelewa. Lakini ningemwambia, angefurahi, angeniuliza lini tena, na mmoja wetu angeitafuta kalamu.

Hakuuliza. Aliangalia viatu vyangu, matope na jani la majini lililokuwa limeng'ang'ania kamba. Akanivua koti akaenda kulitundika, na kabla ya kulitundika nikamwona, kwa mgongo tu, akilileta puani. Alisimama hapo muda.

"Unatumika sana, Mama Fiona," akasema.

Sijui alilisema kwa Kiswahili chetu au kwa cha akina Générose.